Mpaka wa Ziwa Uko Wapi? Historia ya Ufukwe wa Tanganyika na Nyumba za Kando ya Maji

Tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia majumbani, familia nyingi zimeambiwa neno moja, ofisini na njiani: mlijenga ndani ya ziwa.

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linauma. Lakini wanaolisema huwa hawaendelei kujibu maswali yanayofuata. Ziwa linaishia wapi? Nani aliuza ardhi yake? Na kwa nini neno hilo huambiwa mwenye nyumba ya matofali mabichi, huku mwenye hoteli na ukuta wa zege unaoingia majini haambiwi kitu? Ili kujibu inatubidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 150, kwa sababu ziwa hili lilikwisha kutuonyesha mpaka wake, na si mara moja.

Mwezi wa nne mwaka 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Hawakuvumbua kitu. Waliwakuta wafanyabiashara wanaopita hapo tangu zamani, watu waliokuja na misafara kutoka pwani ya bahari, ambao ndio waliotuletea lugha hii ya Kiswahili pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa. Ziwa lilikuwa barabara, na ufukwe ndio uliokuwa kituo na soko. Mtumbwi ulivutwa mchangani, mzigo ukashushwa, bei ikazungumzwa hapohapo.

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na wote wawili walikuja hadi mdomo wa Ruzizi kuhakikisha kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alishangaa. Mingazi mitatu aliyoiona sokoni miaka mitano kabla sasa ilikuwa imesimama majini, mbali na ukingo. Ziwa lilikuwa limekula sehemu ya soko la Ujiji, na hakuna mtu aliyewaambia wafanyabiashara wale kwamba walijenga ndani ya ziwa. Walisogeza soko, basi.

Kwa nini maji yalikuwa yanapanda? Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 600 na mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi ya ziwa hayatoki hata kwa mlango huo. Hupanda angani kama mvuke kwa jua. Lukuga ni kama tundu dogo la juu la pipa. Miaka ya mvua kidogo, ziwa hushuka chini ya tundu, mto hauendi, na kizingiti chake huzibwa na udongo na majani. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Cameron alifika hapo mwaka 1874 akazuiwa na majani yaliyoshonana. Stanley alipita 1876 akaona maji bado hayajapata njia, lakini akaandika kwamba yatapata. Na kweli, karibu na mwaka 1878 kizingiti kilivunjika. Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akaukuta mto unakwenda kwa nguvu kuelekea Lualaba.

Baada ya hapo ziwa lilishuka karibu mita 10 kwa muda usiozidi miaka 20. Tufikirie hesabu hiyo vizuri. Kama ufukwe ni tambarare kiasi kwamba ukitembea mita 50 unapanda mita 1 tu, basi ziwa likishuka mita 10 linaacha nyuma ukanda wa nusu kilomita. Ndiyo maana leo, ukienda kwenye mnara wa Livingstone kule Ujiji, unashangaa mbona uko mbali na maji. Na ndiyo maana sehemu kubwa ya ardhi tambarare ya miji ya kando ya ziwa ni ardhi ambayo babu wa babu zetu waliiona ikiwa maji.

Uvira ni mfano mgumu kuliko mingine. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, inayosimama kama ukuta. Upande mwingine ni ziwa. Katikati kuna kipande chembamba tu, na kipande hicho kililetwa na mito yenyewe: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge na vijito vingine vinavyoshuka mlimani na mchanga na mawe. Uvira imekaa juu ya mzigo wa mito. Mito haijamaliza kuleta mzigo huo.

Mchanga huo nao una kazi yake, na hapa niombe mnivumilie kidogo, maana watu wengi huona mchanga kama kitu cha kuchimba na kuuza tu. Mto ukifika ziwani hupunguza mwendo na kuacha mchanga. Mawimbi huusukuma kando ya ufukwe, kisha upepo na mawimbi makubwa huupandisha na kutengeneza tuta refu sambamba na maji. Juu ya tuta na nyuma yake huota matete. Mizizi ya matete hushika mchanga usiondoke. Nyuma ya matete hubaki bwawa au majimaji, mahali ambapo samaki wadogo hukua na maji ya mvua hupumzika kabla ya kuingia ziwani. Maji ya ziwa huwa juu kabisa mwisho wa mvua, mwezi wa nne na wa tano, na mara baada ya hapo upepo wa kusini unaanza kuvuma kwa nguvu kwa urefu wote wa ziwa na kutuletea mawimbi huku kaskazini. Yaani ufukwe hupigwa wakati uleule ambapo maji yamejaa. Tuta na matete ndiyo yaliyosimama mbele.

Wale watu wa pwani waliotuletea Kiswahili wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kule Lamu, Kenya, kijiji cha Shela kina vilima vikubwa vya mchanga kando ya bahari. Mgeni huona jangwa zuri la kujenga nyumba ya kuangalia bahari. Mwenyeji anajua kwamba chini ya vilima hivyo kuna maji matamu, maana mvua hupenya mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi, na mji wa Lamu hunywa kutoka hapo. Wenye pesa walipoanza kutaka viwanja juu ya vilima hivyo, mabishano yalikuwa makali, na mwishoni serikali ya Kenya iliviweka chini ya ulinzi kama urithi na chanzo cha maji. Kwetu tuta la mchanga halitunzi maji ya kunywa, linazuia maji ya kuua. Lakini ugomvi ni mmoja: mmoja anaona kiwanja kitupu, mwingine anaona kitu kinachofanya kazi.

Na kule kuona utupu kuna tarehe yake. Tarehe 1 mwezi wa saba 1885, Leta ya Leopold ilitangaza kwamba ardhi zote zisizo na mtu ni za Leta. "Zisizo na mtu" kwa macho ya nani? Mahali pa kuanika ndagala hapana nyumba. Mahali pa kuvuta mitumbwi hapana shamba. Matete hayalimwi, hukatwa, yakaota tena. Kambi ya wavuvi hujengwa kwa nyasi na matete, ikahamishwa maji yakipanda. Kwa karatasi ya mzungu, ufukwe wote ulikuwa ardhi isiyo na mtu, ingawa kila asubuhi ulikuwa na watu kuliko mahali pengine popote.

Wabeleji walipojenga miji, walijua thamani ya kuangalia maji. Wazee wa Bukavu wanaweza kusimulia vizuri kuliko mimi. Mji huo waliuita Costermansville. Zile rasi nzuri zinazoingia katika Ziwa Kivu, kama La Botte, Nguba na Muhumba, zilikuwa za nyumba za wazungu, na Mwafrika aliwekwa Kadutu, juu mlimani, akishuka ziwani kwa kazi na kurudi jioni. Uhuru ulipokuja, nyumba zile zilibadilisha wenyewe, lakini kuta zilibaki. Wakubwa wa Leta waliingia walipotoka wazungu. Leo Goma ni hivyohivyo: unaweza kutembea muda mrefu sambamba na ziwa usilione, ila kwa upenyo wa geti, mpaka ufike Kituku au Kinyumba ambako umati wote unabanana na mabidoni yake. Ninyi mliokaa kambi za Bulengo na Lac Vert mnajua maji ya ziwa yana uzito gani kichwani na yana hatari gani tumboni.

Kuna tofauti moja kati ya Kivu na Tanganyika ambayo wanaohamisha pesa zao kutoka Bukavu kwenda kujenga Uvira hawaikumbuki. Ziwa Kivu lina bwawa la umeme pale linapotokea, Ruzizi ya kwanza, tangu mwisho wa miaka ya 1950, na bwawa hilo husaidia kutuliza kimo cha maji. Tanganyika halina mtu anayelituliza.

Na lilirudi. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa zilianza kunyesha Afrika ya Mashariki yote, na maziwa yakapanda pamoja: Victoria, Albert, Tanganyika. Mwaka 1964 Tanganyika lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho halikuwa limefika tangu karne ya 19. Maji yaliingia katika sehemu za chini za Bujumbura na za Kalemie. Ilikuwa onyo wazi kabisa kwa mtu yeyote anayepanga mji.

Sasa jiulizeni, kwa nini wakaaji wa Uvira hawalizungumzi sana jambo la 1964? Mimi naona jibu liko katika mwaka wenyewe. Mwezi wa tano 1964, wakati maji yakiwa juu, waasi wa Soumialot waliuteka mji wa Uvira. Mtu anayekimbia risasi kwenda mlimani hatazami ziwa limefika jiwe gani. Familia nyingi zilikaa porini miaka, na waliporudi, maji yalikuwa yameanza kushuka. Mkiwauliza wazee kuhusu 1964, watawaambia Mulele, watawaambia Simba, watawaambia ndege za vita. Ziwa limefichwa nyuma ya vita. Hilo ndilo nionalo kuwa hasara yetu kubwa katika historia hii yote: alama ya maji ya juu haikuwekwa katika akili ya mji, na Leta nayo haikuiweka kwenye jiwe.

Sheria, hata hivyo, haikusahau kabisa. Baada ya sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ilikuja sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ambayo ndiyo tunayotumia hadi leo ikiwa na marekebisho yake. Inasema ardhi ni mali ya Leta, na raia hupewa haki ya kuitumia. Wengi wanajua hilo. Kinachojulikana kidogo ni kwamba sheria hiyohiyo inasema kitanda cha kila ziwa na cha kila mto ni mali ya umma, na kwamba kitanda hicho hakiishii pale maji yanapoonekana leo. Kinafika hadi mstari wa maji ya juu kabisa ya majira ya kawaida ya kujaa. Na inasema tena kwamba mali ya Leta iliyowekwa kwa matumizi ya wote haiuzwi wala kununuliwa mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo.

Someni tena maneno hayo polepole. Ufukwe unaofunikwa na maji kila mwisho wa mvua si wa mwenye hoteli, wala si wa ofisa aliyetia sahihi. Mtu anaweza kuwa na cheti chenye mihuri mitatu, lakini kama kiwanja kiko ndani ya kitanda cha ziwa, swali halijafungwa.

Majirani zetu wamechagua njia nyingine. Tanzania, kwa sheria yake ya mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe. Burundi, kwa sheria ya maji ya 2012, imetenga mita 150 kando ya Tanganyika, na hata hivyo kule Bujumbura nyumba za kifahari na hoteli zimejaa ndani ya ukanda huo, na mabishano hayajaisha. Namba ya mita ni rahisi kwa mpimaji, lakini ina udhaifu: mita 60 kutoka wapi? Ziwa likishuka, mstari unashuka nalo, na kiwanja kipya kinazaliwa kila mwaka wa ukame. Kwa upande huo naona sheria yetu ya 1973 ina akili zaidi, maana inapima kwa maji ya juu. Taabu ni kwamba hakuna anayeipima.

Na kilichofuata kilitegemea sana kutopimwa huko. Kutoka miaka ya 1990 hadi karibu 2006 ziwa lilikuwa chini, na mwisho wa kipindi hicho likazidi kushuka. Kilio cha wakati ule kilikuwa kinyume cha cha leo: bandari zinakauka, meli hazifiki gatini. Tanzania na Congo zilifikia hatua ya kuzungumza juu ya kujenga kizuizi pale Lukuga ili maji yasizidi kutoka. Ni katika miaka hiyohiyo vita vilipotuangukia. Mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi, 1996 vita vya AFDL, 1998 vita vingine, kisha miaka ya mapigano katika tambarare ya Ruzizi na katika milima ya juu ya Fizi, Uvira na Mwenga. Watu waliteremka mjini na watoto na mikeka. Mjini hapakuwa na nafasi isipokuwa sehemu mbili: mlimani, ambako mvua huleta mawe, na chini kando ya ziwa, ambako maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha mchanga mkavu.

Kiwanja cha chini kilikuwa na bei ndogo. Nani aliuza? Mikono ilikuwa mingi. Palikuwa na waliodai ni ardhi ya ukoo, palikuwa na wakubwa wa mitaa, palikuwa na maofisa wenye karatasi. Mnunuzi aliyekimbia vita hakuwa na nafasi ya kuuliza historia ya ziwa. Alipewa karatasi, akakata matete, akasawazisha tuta la mchanga kwa jembe, akajenga. Jirani yake akachimba mchanga wa ufukwe kuuzia wajenzi, kwa sababu mji ulikuwa unakua na kila nyumba ilitaka mchanga.

Karibu na huyo akaja mjenzi wa aina ya pili, mwenye pesa za biashara au za mishahara ya dola. Huyu hakuja kwa shida. Alitaka kuangalia maji jioni. Alijenga hoteli, baa, nyumba ya kupangisha, na mbele yake ukuta. Ukuta unaoingia majini una tabia mbaya: wimbi likigonga mchanga hutulia na kumwaga nguvu zake, likigonga ukuta hurudi na nguvu, likachota mchanga wa chini ya ukuta na wa jirani asiye na ukuta. Kila anayejilinda peke yake kwa njia hiyo humpelekea hatari aliye pembeni. Tena ukuta hufunga njia. Mwanamke aliyekuwa anashuka ziwani kwa dakika tano kwa kupita kati ya nyumba mbili sasa huzunguka. Mvuvi hupoteza mahali pa kuanika ndagala. Bomba likikosa maji, na Uvira hukosa mara nyingi, watu hurudi ziwani na mtoni, wakisongamana mahali pachache palipobaki wazi, palipo pachafu kuliko kwingine, na kipindupindu nacho hakikosi. Ninapozungumza juu ya kufungwa kwa ufukwe, sizungumzi juu ya mahali pa kuogelea siku ya Mungu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, Mulongwe na mito mingine ilijaa na kushuka mjini. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, makumi ya maelfu ya wakaaji walibaki bila mahali. Hayo yalikuwa maji ya mlima. Ninayatenga na maji ya ziwa kwa makusudi, kwa sababu maofisa huyachanganya. Mto huja kwa saa chache, unaua, kisha unapungua na kuacha matope. Ziwa huja polepole, sentimita kwa sentimita, haliui wengi kwa siku moja, lakini likiingia halitoki. Baada ya 2020 ziwa lilizidi kupanda. Kufikia mwezi wa nne na wa tano 2024 lilikuwa karibu na alama ya 1964: Uvira, Baraka, Kalemie, na ng'ambo ya mpaka Gatumba na mitaa ya chini ya Bujumbura, yote ilikuwa na nyumba zinazosimama majini mpaka madirishani.

Miaka 60 kati ya mara moja na nyingine. Si muda mrefu kwa ziwa. Kwa mji unaohama kila vita, ni vizazi vitatu.

Wenye nyumba za matofali mabichi walipoteza kila kitu, maana tofali bichi likikaa majini siku chache hurudi kuwa udongo. Wenye kuta waliongeza mifuko ya mchanga. Na mifuko ile ilijazwa mchanga kutoka wapi? Mara nyingi kutoka ufukweni hapohapo.

Sasa kuna mazungumzo ya kuwahamisha watu. Mimi sikatai kwamba ukanda wa chini unapaswa kubaki bila nyumba. Historia niliyoisimulia haiachi njia nyingine: maji yalifika 1878 juu zaidi, yakafika 1964, yakafika 2024. Lakini mstari ukichorwa, uchorwe kwa maji, si kwa mfuko wa mtu. Alama ya 1964 inajulikana kwa kimo, na alama ya 2024 bado inaonekana kwenye kuta za nyumba zetu, ule mstari wa rangi ya kahawia ambao hautoki hata kwa kupaka chokaa. Mpimaji akipita na chombo chake wiki chache tu, anaweza kuweka nguzo za zege kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Kilicho chini ya nguzo ni cha wote: cha matete, cha mitumbwi, cha njia ya maji. Hoteli iliyo chini ya nguzo iko chini ya nguzo. Na familia iliyouziwa kiwanja chini ya nguzo kwa karatasi yenye muhuri ilipwe au ipewe kiwanja kingine na yule aliyepiga muhuri, maana Leta haiwezi kuuza kitanda cha ziwa mwaka wa ukame na kumlaumu mnunuzi mwaka wa mvua.

Nchi nne za ziwa hili, yaani Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda pamoja mwaka 2003, na mamlaka ya pamoja ina ofisi Bujumbura. Kimo cha ziwa hupimwa. Kinachokosekana ni namba hizo kufika kwa mtu anayenunua kiwanja.

Ziwa litashuka tena, kama lilivyoshuka baada ya 1964. Wale walio kambini wataitwa na habari kwamba mchanga umekauka, na wauzaji watatokea mapema kuliko matete. Ninyi mnaofikiria kurudi, tunzeni karatasi zote mlizopewa, hata zilizolowa, pigeni picha ya mstari wa maji kwenye ukuta kabla nyumba haijabomoka, mkiwa na mtu wa kusimamisha kando yake ili kimo kionekane, andikeni tarehe. Na kabla ya kutoa hata franka moja kwa kiwanja kilicho chini ya barabara, waulizeni wazee wa mtaa, mbele ya muuzaji, maji yalifika wapi mwaka 2024, na muombe jibu hilo liandikwe kwenye karatasi ileile ya mauzo.